Shajara ya mradi: Maneno ya ushindi katika Kihispania

Januari, mwanzoni

Mradi umeanza. Nataka kuyamudu maneno ya Kihispania ya kushinda na kufanikiwa kiasi cha kusoma habari ya mechi bila kufungua kamusi kila mstari, kuandika barua ya pongezi inayosomeka, na kusimulia maisha ya mtu aliyefika mbali. Sarufi ya msingi ninayo. Ninachohitaji sasa ni msamiati ulioshikamana, wenye mizizi.

Uwanja huu nimeuchagua kwa makusudi, kwa sababu Kiswahili kimeubebesha kitenzi kimoja mzigo mkubwa. Timu imeshinda. Hesabu imenishinda. Ameshinda kitandani kutwa. Amemshinda mwenzake kwa urefu. Kitenzi ni kile kile na msikilizaji hapotei hata kidogo. Kihispania kimeugawa mzigo huo kwa wengi: ganar, vencer, derrotar, triunfar, superar, lograr, conseguir, alcanzar, salir, aprobar, tener éxito. Anayeviandika vyote chini ya "kushinda" kwenye daftari hatajua achukue kipi siku ya kuzungumza.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: hakuna orodha ya neno kwa neno. Kila kitenzi kinaingia kwenye kadi kikiwa ndani ya sentensi kamili, na nyuma ya kadi naandika hali yenyewe kwa Kiswahili: nani kapata nini, kampokonya nani, kwa jasho au kwa bahati. Kadi ninayoijibu bila kusita inakaa muda mrefu kabla ya kurudi. Inayonikwamisha inarudi kesho yake. Kusoma kwangu kutakuwa magazeti ya michezo, Marca la Madrid na Olé la Buenos Aires, maana huko maneno haya yanatumika kila siku na watu wasio na muda wa kupamba.

Januari, mwishoni

Ganar limechukua sehemu kubwa ya mwezi, na lilistahili.

"Ganamos el partido", tulishinda mechi. "Gana mucho dinero", anapata pesa nyingi. "¿Cuánto ganas?" ni swali la mshahara, halina mpinzani wala refa. "He ganado peso", nimeongezeka uzito. "Quieren ganar tiempo", wanataka kujipatia muda. Ukiziweka sentensi hizi pamoja unauona uzi: kitu hakikuwa cha mtu, sasa ni chake. Mashindano ni njia mojawapo tu ya kukipata.

Kisha kuna ganarse, yenye se ya kujirejea. "Se gana la vida cosiendo", anajipatia riziki kwa kushona. "Se ganó el respeto de todos", alijijengea heshima kwa watu wote. Kile kise kidogo kinaleta jasho ndani ya sentensi. "Ganó el premio" inasema alipata tuzo. "Se ganó el premio" inaongeza kwamba alistahili, tuzo ile aliifanyia kazi. Kiswahili kina -ji- inayofanya kazi ya jirani, na kadi zangu za kundi hili zote zina -ji- upande wa nyuma: kujipatia, kujijengea, kujitwalia.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote ni mifugo. Ganado, yaani ng'ombe, mbuzi na kondoo, ni neno lililozaliwa na ganar: "kilichopatikana". Kamusi ya Real Academia Española, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1713, inalieleza hivyo hivyo. Mfugaji anayeliita kundi lake "mali" angeielewa njia hiyo ya kufikiri bila mwalimu. Hapo hapo nikaongeza ganadero, mfugaji, na ganadería, ufugaji, ingawa hayamo katika mpango wangu. Neno likikuonyesha ndugu zake, uwapokee.

Lipo pia ganas, lenye sura mbili. "Ganas" ni "unashinda", na "tener ganas" ni kuwa na hamu. Kwa hiyo "tengo ganas de ganar", nina hamu ya kushinda, ni sentensi ya kuitamka mara nyingi mpaka ulimi uizoee.

Kuhusu mpinzani: katika Hispania utasikia "ganaron a Italia", na katika Amerika ya Kilatini mara nyingi zaidi "le ganaron a Italia". Le hiyo inawatesa wanafunzi wengi, lakini mzungumzaji wa Kiswahili keshaizoea kazi yake tangu utotoni. "Le gané a mi hermano", nilimshinda ndugu yangu. Sisi tunasema -m- ndani ya kitenzi kisha tunamtaja ndugu mwenyewe. Wao wanasema le kisha wanamtaja ndugu. Mtendwa anatajwa mara mbili na hakuna anayeshangaa.

Februari

Mwezi wa sikio. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Kihispania kinafanya hivyo pia kwa maneno mengi, na hapo ndipo mtu anapoweza kulala usingizi. "Gano" ni ninashinda. "Ganó" ni alishinda. Herufi zile zile. Alama ya mkazo juu ya o imebadilisha mtu na wakati kwa pamoja. "Logro" ni ninafaulu, au jambo lililofikiwa. "Logró" ni alifaulu. "Triunfo" ni ushindi mkubwa, "triunfó" ni aliibuka kidedea. "Alcanzo" ninafikia, "alcanzó" alifikia.

Sababu ya ugumu huu nimeiona vizuri mwezi huu. Kiswahili kinauweka wakati mwanzoni mwa kitenzi: -na-, -li-, -ta-. Sikio linajua ni jana au ni kesho kabla mzizi haujafika. Kihispania kinauweka mkiani, na mara nyingi ni mkazo peke yake unaoubeba. Anayesikiliza kwa mazoea ya Kiswahili anaweza kuwa amekwisha kutulia wakati habari yenyewe ndiyo kwanza inaingia. Zoezi langu la kila asubuhi ni kusoma jozi hizi kwa sauti, nikiunyanyua mwisho: gano, ganó, logro, logró, venzo, venció.

Ziko na za kuangalia kando. "Ganamos" ni tunashinda na pia tulishinda, na ni "ayer", jana, au habari inayozunguka ndiyo inayoamua. "Obtuvo", alipata, haina alama na mkazo wake unabaki pale pale tulipouzoea: "obtuvo la victoria". Neno éxito, ambalo litapata ukurasa wake, linapandisha mkazo mpaka silabi ya tatu kutoka mwisho.

Katika sauti nyingine tuna urahisi mkubwa. Irabu ni tano, zile zile zetu. Ñ ya hazaña, tendo la kishujaa, ni ny ya nyota. Herufi c katika vencer hutamkwa na Wahispania wengi kama th ya thelathini, na katika Amerika ya Kilatini kama s. Zote mbili tunazo. Nimeamua kutumia s katika matamshi yangu na kuzisikiliza zote. V ya vencer, kwa vyovyote vile, haisikiki tofauti na b.

Februari, siku za mwisho

Vencer na derrotar. Haya ni maneno ya kupambana: pasipo mtu au kitu cha kuangushwa, hayana kazi. "Uruguay derrotó a Brasil", Uruguay iliichapa Brazil. Derrotar linataka mpinzani wa kuonekana, na nomino yake derrota inamwendea aliyeangushwa: kipigo, kushindwa.

Vencer lina mapana zaidi. "Venció el miedo", aliishinda hofu. "Me venció el sueño", usingizi ulinishinda. Hiyo ya pili nilipoikuta niliisoma mara mbili kwa furaha, maana ni Kiswahili kitupu kilichovaa nguo za Kihispania. Na kitenzi hicho hicho kinaingia ofisini: "el plazo vence el lunes", muda unakwisha Jumatatu. Katika nchi nyingi za Amerika ya Kilatini, "fecha de vencimiento" kwenye pakiti ya dawa ni tarehe ya kuisha muda wa matumizi. Dawa imeshindwa na siku.

"Darse por vencido" ni kujihesabu umeshindwa, kukata tamaa. Wenye Kiswahili husema asiyekubali kushindwa si mshindani, na nimejaribu kuyapeleka maneno hayo upande wa pili kwa sentensi yangu: "el que no sabe perder no es buen rival". Sijayageuza neno kwa neno. Nimechukua perder, kupoteza, kwa kuwa Kihispania hakina "kushindwa" iliyoundwa kutoka "kushinda" kwa kuongeza w tu. Kwetu anayeshindwa ni mtendwa wa ushindi wa mwingine. Kwao anayeshindwa amepoteza kitu.

Vencer limezaa pia convencer, kushawishi, na jozi hiyo ina historia nzito. Oktoba 1936, Vita ya Wenyewe kwa Wenyewe ya Hispania ikiwa na miezi michache, mwandishi Miguel de Unamuno alisimama mbele ya wafuasi wa Jenerali Franco katika Chuo Kikuu cha Salamanca, alikokuwa mkuu wa chuo. Maneno anayonasibishwa nayo ni "venceréis, pero no convenceréis": mtashinda, lakini hamtashawishi. Silabi moja ya mbele, con, inatenganisha nguvu na haki. Kadi hii naitunza kwa heshima.

Na hapo hapo likaja "hasta la victoria siempre". Hasta ni neno la asili ya Kiarabu, hatta, lile lile lililotupa "hata" yetu, ambayo katika Kiswahili cha zamani ilitumika sana kwa maana ya "hadi". Kwa hiyo "hasta la victoria" ni "hata ushindi" kwa mdomo wa wazee. Oktoba 1965 Fidel Castro aliisoma hadharani barua ya kuaga ya Che Guevara yenye maneno hayo. Wakati huo Guevara mwenyewe alikuwa mashariki mwa Kongo akijulikana kwa jina la Tatu, kwa sababu Wacuba wa kikosi chake walipewa namba za Kiswahili kuwa majina ya siri. Víctor Dreke alikuwa Moja. Novemba waliondoka Kongo bila ushindi. Kaulimbiu ikabaki, na mimi nimebaki na sababu ya kutoisahau hasta.

Machi

Huu ndio mwezi ambao mradi ulipata umbo lake.

Nilianza na éxito, mafanikio. Halina kitenzi chake. Watu husema "tener éxito", kuwa nalo. "La obra fue un éxito", mchezo ulifana. "Terminó la carrera con éxito", alimaliza masomo yake ya chuo vizuri. "Un éxito rotundo", mafanikio makubwa yasiyo na ubishi. Nyimbo zilizotamba za mwimbaji ni "sus grandes éxitos". Asili yake ni Kilatini, exitus: kutoka, na kwa hiyo kilichotokana na jambo, mwisho wake. Ndipo nikasimama. Sisi tunasemaje kuhusu mwisho wa jambo? Matokeo. Mzizi ni ule ule wa kutoka. Lugha mbili zisizo na undugu zimetazama mwisho wa jambo na kuona kitu kinachojitokeza nje.

Baada ya hapo salir, kutoka, likafunguka lenyewe. "Todo salió bien", mambo yote yalikwenda vizuri. "La foto salió bien", picha imetoka vizuri. Hapa hata kitenzi hakihitaji kubadilishwa. "Salió campeón", wanasema Waargentina, alitoka bingwa. "Salió vencedor", aliibuka mshindi, na kuibuka nako ni kutoka, kutoka chini ya maji. "Salir adelante" ni kujikwamua, kusonga mbele licha ya shida, na kila ninapoikuta katika masimulizi ya wahamiaji au ya mama aliyelea watoto peke yake nasikia "kutoka kimaisha". "Salirse con la suya" ni kufanya mambo yaende utakavyo wewe, wengine watake wasitake. Hii ina uchungu kidogo, hainogi kwenye barua ya pongezi.

Kuanzia hapo nimezipanga kadi zote upya kwa mwendo. Kihispania kinayaona mafanikio kama safari, na kila kitenzi kinakuambia mtu alikwendaje. Salir ni kutoka. Conseguir ina seguir ndani yake, kufuata. Alcanzar ni kufikia. Superar ina super ya Kilatini, juu: kupita juu ya kizuizi. Remontar ni kupanda tena ulikoteremka. Kundi la ganar na lograr linabaki peke yake, la kujipatia. Lograr linatokana na neno la Kilatini la kupata faida. Kundi la vencer na derrotar linabaki la kuangusha. Mengine yote yanatembea, na mtu akiniuliza tofauti ya alcanzar na superar siihitaji tafsiri tena: mmoja amefika kwenye alama, mwingine ameipita.

Superar ndilo ninalolipenda zaidi. "Superó el récord", aliipita rekodi. "Superó la enfermedad", aliushinda ugonjwa, akabaki hai upande wa pili. "Se superó a sí misma", alijipita mwenyewe. Nomino superación inatumika sana kwa mtu anayejiendeleza hatua kwa hatua, na ina heshima ambayo éxito wakati mwingine haina: éxito inahesabu ulipofikia, superación inahesabu ulikoanzia.

Aprili

Conseguir na lograr. Kamusi zinayafanya mapacha, na yakifuatwa na kitenzi kingine kweli ni mapacha: "conseguí abrir la puerta", "logré abrir la puerta", nilifanikiwa kuufungua mlango. Yakifuatwa na kitu yanatengana. "Conseguí trabajo", nilipata kazi. "Conseguí dos entradas", nilipata tiketi mbili. Tiketi hailogriwi, lograr linataka jambo lililofanyiwa bidii, kama "lograr la paz", kuipata amani. Nimekubaliana na mwenzangu wa mazoezi kwamba kila tukikutana tutaleta sentensi mpya za jozi hii, naye hunisomea kwanza bila kitenzi, mimi nichague.

Conseguir pia lina mnyambuliko wa kuangalia: consigo, consigues, consigue, lakini conseguimos. Methali yake imenirahisishia: "el que la sigue, la consigue", anayeifuata huipata. Sigue na consigue zinaimba pamoja, na e iliyogeuka i inasikika mara mbili.

Alcanzar: "alcanzó la cima", alifika kileleni. "No me alcanza el dinero", pesa hazinitoshi. Kwa anayefikiri kwa mwendo, pesa zimetembea zikaishia njiani.

Llegar, kufika, nimelipitia haraka. "Llegar lejos", kufika mbali. "Michelle Bachelet llegó a ser presidenta de Chile en 2006": muundo wa llegar a ser unaonyesha cheo kilichofikiwa baada ya njia ndefu, na ni wa kutumia katika wasifu wowote. Meta, lengo, ni mstari wa kumalizia mbio; katika viwanja vya Warumi ilikuwa nguzo ambapo magari ya farasi yaligeukia. Mlinda mlango wa mpira ni guardameta, mlinzi wa lengo.

Mitihani: Hispania "aprobé el examen", Meksiko mara nyingi "pasé el examen". Kufeli ni suspender Hispania na reprobar katika nchi nyingi za Amerika. Imetosha.

Mei

Mwezi wa kusoma mechi, ambao niliusubiri kwa hamu.

Nimechagua mechi ambazo matokeo yake nayajua tayari, ili macho yabaki kwenye maneno. Fainali ya Kombe la Dunia la 2010, Johannesburg: "España venció 1-0 a Países Bajos con un gol de Iniesta en el minuto 116". Hapo nikapata prórroga, muda wa nyongeza, ambao Waargentina huuita alargue. Fainali ya wanawake ya 2023, Sydney: "España ganó 1-0 a Inglaterra", bao la Olga Carmona, na neno campeonas, mabingwa, lenye -as kwa kuwa wote ni wanawake. Lugha yetu haihitaji kuuliza jinsia ya bingwa. Yao inahitaji, kwa hiyo nasoma habari za timu zote mbili ili campeones na campeonas yazoeleke sawa.

Fainali ya 2022, Lusail, ndiyo shule kubwa. Argentina na Ufaransa zilitoka sare: "empate a tres". Halafu "tanda de penaltis" kwa magazeti ya Hispania na "tanda de penales" kwa ya Argentina, mikwaju ya penalti, 4-2. Ufaransa ilikuwa "vigente campeona", bingwa mtetezi, ikaishia "subcampeona", mshindi wa pili. Neno hili sub, chini, lina upole: aliyeshika nafasi ya pili ni bingwa wa chini kidogo, bado ni bingwa.

Uruguay ya 1950 ilinipa kiambishi kizima. Tarehe 16 Julai, katika uwanja wa Maracanã, Brazil ilihitaji sare tu iwe bingwa wa dunia kwao wenyewe. Iliongoza, Schiaffino akasawazisha, na Ghiggia akafunga la pili dakika ya 79. Tukio hilo linaitwa Maracanazo. Mwisho -azo unabeba pigo au ukubwa: cabezazo ni mpira wa kichwa, golazo ni bao la kukata na shoka, exitazo ni mafanikio makubwa mno. Kiambishi kimoja, maneno mengi yasiyohitaji kadi.

Na remontada, kupindua matokeo. Mfano ambao kila gazeti hurudia ni wa tarehe 8 Machi 2017: Barcelona ilikuwa imefungwa 4-0 na Paris Saint-Germain katika mechi ya kwanza, ikashinda 6-1 ya pili, mabao matatu ya mwisho yakiingia kuanzia dakika ya 88. Katika kupanga kwangu kadi hii iko kwenye kundi la kupanda. Mlima uliteremkwa, mlima ukapandwa.

Juni

Bahati imebaki mwisho kwa sababu inavunja utaratibu wote wa juu. Katika ganar, lograr na conseguir mtu ndiye mtenda. Kwenye bahati nasibu mtenda ni bahati nasibu: "me tocó la lotería", bahati nasibu ilinigusa. Mtu amesimama tu, kitu kimemjia. Bahati nasibu ya Krismasi ya Hispania ilichezeshwa kwa mara ya kwanza Cádiz mwaka 1812, na hadi leo, kila tarehe 22 Desemba, watoto wa shule ya San Ildefonso huimba namba na zawadi zake. Zawadi kubwa inaitwa el Gordo, Mnene. "Le tocó el Gordo" nimeiandika nyuma kwa maneno haya: alipata bila kufanya chochote isipokuwa kununua tiketi.

Pamoja na hiyo naweka ojalá, "laiti" au "Mungu akipenda", iliyotokana na Kiarabu cha Andalusia na ambayo ni jamaa wa karibu wa inshallah. Inadai kitenzi kibadilike: "ojalá ganemos", Mungu akipenda tutashinda. Namna hiyo ya kitenzi, inayoishia na e pale ambapo ilikuwa a, ndiyo inayotumika katika dua na matakwa yote. "Que gane el mejor", na ashinde aliye bora. Ni e ile ile ya ashinde, afanikiwe, afike, ingawa sisi tunaiweka mwisho kwa kila kitenzi cha asili ya Kibantu nao wanaibadilisha kwa kundi.

Pongezi: "¡Enhorabuena!" Hispania, "¡Felicitaciones!" Amerika ya Kusini, "¡Felicidades!" kotekote. Barua ya pongezi niliyoiandika wiki hii inatumia merecer, kustahili: "te lo mereces", unastahili. Ni maneno mafupi na mwenzangu anasema ndiyo yanayosemwa kwanza kwa rafiki aliyefaulu, kabla ya kitu kingine chochote.

Juni, siku za mwisho

Aya ya kwanza ndefu bila kamusi. Nilitaka kisa kinachobeba vitenzi vya mwendo bila kulazimisha, nikachagua meli ya Victoria:

"En 1519 salieron de España cinco naves. El 6 de septiembre de 1522 solo una, la Victoria, logró volver, con dieciocho hombres al mando de Juan Sebastián Elcano. Pasaron hambre, perdieron a casi todos sus compañeros y, aun así, consiguieron dar la primera vuelta al mundo."

Meli tano zilitoka, moja ilifaulu kurudi na watu kumi na wanane chini ya Elcano. Walikaa na njaa, walipoteza karibu wenzao wote, na hata hivyo walikamilisha mzunguko wa kwanza wa dunia. Salir, lograr na conseguir zimekaa mahali pake. Derrotar sikuliita, kwa kuwa aya hii haina aliyeangushwa. Mwenzangu aliisoma kwa sauti na kuniuliza kwa nini sikutumia ganar. Nilimjibu kwa Kihispania: hawa hawakujipatia kitu, walifika.

Kadi za Julai zimeanza kuandikwa, na ni za upande wa pili: perder, fracasar, rendirse, caer. Ya kwanza kwenye rundo ni "se quedaron a las puertas de la final", walibaki kwenye milango ya fainali. Inasemwa kwa timu iliyokosa kidogo tu. Nimeiweka katika kundi la mwendo, karibu na alcanzar.